Nilijibu Swali la Pili

Katika sura hii kuna mambo ya aina mbili, nami nitayatenga kama nilivyozoea kuyatenga katika hati za kiapo nilizoandaa kwa miaka yote ya uwakili wangu. Yapo niliyoyaona kwa macho yangu, au niliyoyasikia yakitoka kinywani mwa aliyeyasema. Hayo nitayaeleza bila kuyaongezea. Yapo niliyoambiwa, hayo nitasema wazi kwamba niliambiwa, na msomaji ana hiari ya kuyapokea au kuyaacha. Kwamba Shabani Gunda alifariki asubuhi, akiwa amekaa kwenye kiti nje ya nyumba yake akisubiri chai, niliambiwa na binti yake kwa simu. Kwamba alizikwa siku ya pili yake, saa kumi alasiri, nyuma ya shamba lake la alizeti, mwendo mfupi kutoka Nduguti, hilo nililiona, kwa sababu nilisimama pale na nikatupa udongo kwa mkono wangu.

Nimekuwa mgambo vitani, nimekuwa wakili, nimekuwa mbunge kwa vipindi viwili, na sandukuni kwangu ipo nishani ya ushujaa. Watu wa jimbo letu hawajali sana mpangilio wa vyeo hivyo, wao huniita Simba, na watoto waliozaliwa baada ya mimi kutoka bungeni huniamkia, "Shikamoo babu Simba." Jina hilo lilitokana na mwaka mmoja, ule wa vita ya Kagera. Yaliyofuata yote yalijengwa juu ya mwaka huo. Nimeandika sura nyingine za kitabu hiki kwa urahisi. Hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu.

Tulioondoka kwetu tulikuwa wengi, lakini katika platuni yangu kutoka kijiji chetu tulikuwa wawili tu: mimi, Nathanaeli, niliyekuwa nimemaliza kidato cha sita na kufundisha kwa muda shule ya msingi, na Shabani, aliyenizidi miaka minne, mfugaji ambaye hakukaa darasani zaidi ya miaka miwili. Tulisafirishwa kwa lori hadi Mwanza, kisha kwa meli hadi Bukoba. Shabani alipewa viatu vya jeshi vilivyokuwa vidogo, na kufikia wiki ya tatu visigino vyake vilikuwa vidonda vitupu. Akavifunga kamba, akavining'iniza shingoni, akawa anatembea peku. "Miguu yangu imekataa kuandikishwa jeshini," alikuwa akisema. "Mimi ni askari, yenyewe imekuja kama raia." Mguu wake wa kulia haukuwa na kidole kidogo. Kilikatwa na shoka tulipokuwa tukichanja kuni, naye bado kijana. Nilikuwepo siku hiyo, na mimi ndiye niliyekimbia kumwita mama yake. Tulikula dona na maharage yasiyoiva, na tulipovuka mpaka tulichemsha ndizi za mashamba yaliyoachwa na wenyewe, Shabani akilalamika kwamba chakula kisichosagwa si chakula cha mtu mzima.

Siku ninayoieleza tulikuwa tukivuka kinamasi juu ya tuta jembamba, mafunjo yakiwa pande zote mbili. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Rashasha ilianza kufyatuliwa kutoka kwenye nyumba ya mabati iliyokuwa juu ya mwinuko. Watu wawili waliokuwa mbele yetu, koplo wetu na kijana mmoja wa Mara, walianguka. Wengine tukajitupa kwenye mtaro kando ya tuta. Nililala kifudifudi, shavu la kushoto likiwa ndani ya matope, kwa muda ambao sitaukadiria, kwa maana kila nilipoukadiria huko nyuma niliufupisha. Kitu kimoja nilikiona nikiwa pale, nacho nitakieleza mwishoni. Milio iliponyamaza niliinua kichwa. Koplo alikuwa amelazwa kando yangu, hai, paja lake limefungwa kwa shati ambalo halikuwa lake. Nyuma yetu, juu ya tuta, nilimwona Shabani, kifua wazi, akienda na yule kijana mgongoni. Nilimnywesha koplo maji. Nilimshika mguu, mikono yangu ikajaa damu yake. Hali hiyo ndiyo aliyonikuta nayo ofisa mmoja wa kombania nyingine, aliyekuja akikimbia, daftari mkononi. Aliniuliza maswali mawili kwa pumzi moja: nani amemtoa huyu kule, na jina lako nani?

Nilijibu swali la pili.

Ofisa aliandika, akanipiga begani, akaondoka. Koplo hakuwa na nguvu ya kusema lolote. Niliambiwa baadaye kwamba alifia hospitali. Sikuuona mwili wake, na nakiri kwamba habari hiyo niliipokea kwa masikitiko yaliyochanganyika na kitu kingine ambacho sikukipa jina kwa miaka mingi. Kilikuwa ni nafuu. Yule kijana wa Mara sikumwona tena wala kupata habari zake. Miezi michache baadaye jina langu lilisomwa kwenye gwaride, nikatoka mstarini, nikavishwa nishani. Shabani alisimama mstari wa nyuma, viatu miguuni, kwa kuwa siku hiyo ililazimu. Sikugeuka kumtazama.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, juu ya magunia ya sukari ndani ya lori, ndipo aliponiuliza.

"Nata, yule afande alikuuliza nini?"

"Jina langu."

"Jina tu?"

"Aliuliza haraka haraka. Nilikusudia kumweleza baadaye."

Akacheka hadi dereva akachungulia kwa nyuma. "Basi ulibahatika. Jina lako unalijua vizuri." Alikula karanga kutoka mfukoni mwake. "Ila tukifika kwetu wataniuliza mimi. Na kule hawaulizi daftari."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwetu, mtu aliyeua simba aliyekuwa akimaliza mifugo hakuruhusiwa kujisemea. Alikalishwa juu ya ngozi ya ng'ombe katikati ya uwanja, mgongo wake ukiwaelekea watu, na mtu aliyekuwepo porini ndiye aliyesema. Wazee waliuliza, shahidi akajibu, na mwenyewe akanyamaza hadi mwisho. Akikubaliwa alipakwa samli na kuzungushwa nyumba kwa nyumba akipokea zawadi. Lakini palikuwa na mlango mmoja. Mtu aliyejua kwamba mnyama si wake alitakiwa kusimama tu na kutoka juu ya ngozi. Hakuulizwa kitu wala hakuchekwa. Nilipokuwa mdogo nilimwona mtu mmoja akifanya hivyo, na jioni ile alikula na wenzake kutoka bakuli moja kama siku zote. Wakati wa vita simba walikuwa wamekwisha sehemu zetu, na ngozi ile ilikuwa haijatandikwa kwa miaka. Wazee waliposikia kwamba mtoto wao amevishwa nishani hawakujua nishani inapokewaje nyumbani. Wakaamua kwamba ngozi ile ya muua simba ndiyo itakayofaa.

Siku mbili kabla ya shughuli hiyo nilikuwa nimelala na homa ndani ya tembe ya mama yangu. Yeyote aliyekulia kwenye tembe anajua kwamba ndani ni giza hata mchana, paa liko chini, udongo wa kuta unashika harufu ya moshi na ya ndama, na ukuta wa jikoni una tundu ambalo hupitisha kila neno. Shabani alikuja adhuhuri kunijulia hali. Mama alimwambia nimelala, akamkaribisha jikoni, na nikasikia akimwekea kigoda. Alikuwa amechinja kuku. Kuku alikuwa mmoja tu aliyebaki. Nilikuwa nimemsikia akimkimbiza asubuhi. Walizungumza Kinyiramba, na ninaandika kwa Kiswahili nikijitahidi kutopindisha.

"Shabani," mama alisema, "mwanangu alifanya haya wanayosema?"

"Mama, ulitaka arudi. Si amerudi?"

"Sikukuuliza kama amerudi. Nimemwona, yuko pale amelala. Huyu tangu utoto alikuwa akizunguka boma zima kumkwepa fahali. Nakuuliza."

Nilisikia ugali ukimegwa, na mlenda ukivutwa kwa mdomo.

"Jumamosi utasema nini?" mama akauliza tena.

"Nitasema nilichoona."

"Haya. Kula, baba. Kula kwanza."

Alikula. Mama alikuwa akikaanga karanga, mwiko ukikwaruza chungu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani: "Ukimwangusha mbele ya watu hatainuka. Mimi nimemzaa, namjua. Wewe ukiangushwa unajikung'uta, unaendelea na ng'ombe zako."

"Kwa hiyo nilipe mimi, kwa sababu nina nguvu?"

"Ndiyo."

"Mama, una maneno magumu wewe."

"Sina mengine."

Shabani alicheka, kicheko kifupi. Akasema kuku ameiva vizuri. Akaaga. Alipopita mlangoni kwangu alisimama. Nilifumba macho na kupumua kama mgonjwa aliyelala. Kama alijua kwamba niko macho, siwezi kusema. Kama mama alijua kwamba tundu la ukuta linapitisha maneno, hilo nadhani alilijua, kwa kuwa ndiye aliyeikandika nyumba ile kwa mikono yake.

Jumamosi nilikaa juu ya ngozi. Jua lilikuwa la saa tatu na ngozi ilikuwa imeanza kupata moto. Nyuma yangu nilisikia watu wakijipanga, watoto wakikemewa, mtu mmoja akiuliza kama ni kweli kwamba nishani ni ya dhahabu na mwingine akimjibu kwamba ni bati, ameigonga. Mzee Lyanga, aliyekuwa na desturi ya kuwaulizia wenzake, alianza.

"Shabani wa Gunda. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo kwa miguu yako au kwa habari?"

"Kwa miguu yangu, tena peku." Watu wakacheka, kwani habari ya viatu ilikuwa imeshafika kijijini kabla yetu.

"Ni nani aliyewatoa wale watu kwenye risasi?"

Hakujibu upesi. Nilikuwa nikitazama kichuguu kilichokuwa mbele yangu, na ninakikumbuka kuliko sura ya mtu yeyote wa siku ile. Magoti yangu yalikuwa mazima. Mlango wa kutoka ulikuwa wazi, na mwendo wake haukuzidi hatua mbili.

"Jeshi limemwandika Nathanaeli," Shabani alisema.

"Sikukuuliza habari za jeshi. Jeshi haliko hapa. Nauliza macho yako."

"Ni yeye."

Wanawake wakapiga vigelegele. Samli ilimwagwa kichwani kwangu hadi ikaingia machoni, na watu waliona machozi, wakayatafsiri walivyopenda. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba desturi ndiyo iliyonifunga mdomo. Desturi ilinifunga mdomo, miguu haikuifunga. Nilichotakiwa kufanya asubuhi ile kilikuwa ni kusimama, na nilikuwa nimeshashindwa kusimama mara moja mwaka huo huo.

Zawadi zilinipeleka Dar es Salaam na barua za wazee zikanisindikiza, nikasoma sheria. Mahakamani nilijulikana kwa swali moja. Shahidi wa upande wa pili alipomaliza maelezo yake marefu, nilisimama na kumuuliza, "Uliona, au uliambiwa?" Nimewaona watu wazima wakitoka jasho mbele ya swali hilo. Vijana wa uwakili waliniiga hata namna ya kuvua miwani kabla ya kuliuliza. Nilipogombea ubunge, watu wa kampeni walikwenda kumchukua Shabani, wakamnunulia koti la kijivu, wakampandisha jukwaani. Alisema maneno yale yale: alikuwepo, ni yeye. Kampeni ya pili nilikwenda kumwomba mwenyewe. Alikuwa akimkamua ng'ombe, hakuinuka. "Koti bado lipo," alisema. Sikumuuliza anamaanisha nini, ingawa kuuliza maswali ndiyo kazi iliyonilisha.

Siku ya maziko nilikwenda nikiwa nimeamua. Baada ya dua, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai, mshereheshaji aliniita nitoe rambirambi. Nilisimama. Nilisema, na ninayarudia maneno yangu kama yalivyokuwa: "Ndugu zangu, waliotolewa kwenye risasi mwaka ule walitolewa na huyu tuliyemzika. Mimi nilikuwa nimelala mtaroni. Nishani ni yake."

Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele alitikisa kichwa, akamgeukia mwenzake. "Umemsikia? Mtu mkubwa hasa. Anajishusha mpaka chini."

"Ndiyo maana tulimpa kura," mwenzake akajibu.

"Lakini," nikasema, "sisemi kwa kujishusha..."

"Keti, Simba, umechoka," yule mzee alisema kwa upole. "Shabani mwenyewe alishuhudia. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio haya." Na mshereheshaji akamshukuru Mheshimiwa kwa unyenyekevu wake, akamwita mwakilishi wa kikundi cha wafugaji.

Binti yake, Zaituni, ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Aliniita ndani. Chumba kilikuwa kidogo, kimefagiwa. Juu ya meza palikuwa na sahani ya wali iliyofunikwa, na kwenye msumari ukutani lilining'inia lile koti la kijivu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Nimeshapoa. Nataka kuuliza. Ulichosema pale nje ni rambirambi au ni ushahidi?"

"Ni ushahidi."

"Basi baba yangu alikuwa mwongo."

Nilikuwa nimelifikiria jambo hili kwa miaka zaidi ya arobaini, na upande huo sikuwa nimeutazama hata mara moja. Nilikuwa nimemwona Shabani kama mtu aliyenyang'anywa. Sikuwa nimemwona kama shahidi.

"Nilimuuliza nikiwa darasa la saba," Zaituni aliendelea. "Akaniambia, 'Nilichosema mbele ya ngozi ndicho hicho.' Hapa kijijini mtu akitaka kuapa kwamba anasema kweli, anasema, muulize Shabani. Hilo ndilo alilokuwa nalo, baba mdogo. Hakuwa na nishani. Na wewe umekuja kumfanya shahidi wa uongo, udongo wa kaburi haujakauka."

"Nilitaka kumrudishia kilicho chake."

"Alikuwa hai miaka yote hiyo. Ungesema akiwepo, akakubali mwenyewe au akakataa mwenyewe. Umesubiri mpaka hawezi kujibu." Alifunua sahani, akanisogezea maji ya kunawa. "Wewe ni wakili. Mahakamani ungekubali maneno ya namna hiyo?"

"Nisingekubali."

"Basi kula, wali unapoa. Halafu ukifika mjini andika ulichoona. Ulichoona tu. Usimwandikie baba yangu alichokuwa akifikiri."

Nilikula. Sikumweleza habari ya kuku wa mama yangu na tundu la ukuta. Akiisoma sura hii, atakuwa ameipata hapa kwa mara ya kwanza. Sikumweleza kwa sababu ningemwondolea Shabani uongo kwa kumtwika marehemu mama yangu, nami ningebaki tena pembeni, nimelala, napumua. Ila imeandikwa hapa kwa kuwa niliisikia, na ilinipasa kuinuka kitandani na kuingia jikoni kabla maneno hayajaisha.

Sasa nakuja kwenye sharti la Zaituni, na hapa kuna aibu ambayo sikuitegemea nilipoketi kuandika. Nilidhani mimi ndiye shahidi wa Shabani. Nimepitia kumbukumbu zangu kama ambavyo ningepitia maelezo ya shahidi wa upande wa pili, na nimekuta kwamba sikumwona akimwinua koplo, sikumwona akivua shati, na sikumwona akirudi mara ya pili kumfuata yule kijana. Rashasha ilinyamazaje sijui. Niliambiwa ilinyamazishwa na mizinga ya kombania nyingine. Haya mengine nayajua kwa kuunganisha, na nimewahi kuiomba mahakama ikatae ushahidi uliounganishwa vizuri kuliko huu. Ninachoweza kukiapia ni kidogo.

Nilikuwa mtaroni, shavu la kushoto kwenye matope, jicho la kulia wazi. Risasi zilikuwa zikiendelea kulia. Watu wote niliowaona walikuwa wamelala. Ikapita miguu miwili juu ya ukingo wa mtaro, karibu na uso wangu kiasi kwamba tope lilinirukia mdomoni. Ilikuwa ikienda kule risasi zilikotoka. Ilikuwa mitupu, ina vidonda visiginoni, na wa kulia haukuwa na kidole kidogo. Baada ya hapo nilifumba macho.